Karai la Tutaona

"Mbwa anayeng'ata mbuzi ni fisi tu mwenye jina," Hilal alisema, na sauti ilishapanda mpaka jirani akaacha kutwanga.

"Hajamla, Bwana Hilal. Kamng'ata sikio."

"Leo sikio. Kesho?"

Ansbert hakuweza kutulia. Mara kizingitini, mara ndani, anashika mwimo wa mlango, anauachia. Miaka mitatu anachunga mbuzi wa Hilal hapa Kipawa, hajawahi kumkatiza tajiri wake neno. Ila leo keshatumwa mtu kwa Shomari mwenye gobori. Akishaswali alasiri atakuja, na anakuja kummaliza Tutaona.

Jina hilo Ansbert alimpa mbwa wake siku majirani walipocheka, eti kile kitoto hakiwezi kulinda hata kuku. Na kweli wakaona. Tangu matingatinga ya Waingereza yaanze kufyeka pori la kiwanja cha ndege, fisi wamehamia kwa watu, na zizi la Hilal tu ndilo halijapoteza hata kitoto kimoja. Mchana mbwa mpole, mbuzi wanamlalia kama mto. Lakini mwagia ukoko kwenye karai lake uone. Jicho linageuka, mdomo unapanda, na ole wake atakayepitisha pua.

"Tatizo si mbwa," Ansbert akasema. "Ni mnavyomlisha. Bibi anaumwaga ukoko kwenye karai toka juu ya ukuta wa zizi, katikati ya mbuzi, na mbuzi wanaupenda kuliko yeye. Kila siku wanamvamia. Hata wewe, ukae kula pilau lako, watu ishirini watie mikono..."

"Usinilinganishe na mbwa."

"Mie nalinganisha pilau."

Bibi Hayat, mama yake Hilal, alikuwa mkekani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ansbert, mwanangu. Chombo cha mbwa hakivuki uani kwangu. Kikinigusia sufuria naiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Unajua."

"Najua, bibi."

"Ndiyo maana siku ya kwanza nilikuuliza nimwagie wapi. Nani aliniambia zizini?"

Ansbert akauachia mwimo wa mlango.

Ni yeye. Kwao Bukoba baba yake alikuwaga anasema mbwa wa mifugo ale palepale mifugo inapolala, azizoee harufu zake. Lakini kwao walifuga ng'ombe, na ng'ombe wa mzee hawakuwa na habari na ukoko. Hawa mbuzi! Mbuzi anakula hata kamba iliyomfunga. Halafu kila mbwa akinguruma, Ansbert alikuwa anampokonya karai, eti anamtia adabu. Miaka mitatu anamfundisha kwamba ukila, utanyang'anywa. Mwanafunzi kaelewa vizuri.

"Ni mie," akasema, sauti imeshuka. "Ni mie, bibi."

"Basi mkosaji tumempata," Hilal akasema. "Sikio la mbuzi je?"

"Nipe leo tu. Nimlishe peke yake, pasipo mbuzi."

"Wapi? Stoo ina tende na mchele. Uani umesikia. Nje watamfuata mbwa wa mtaa mzima."

"Chumbani kwangu."

Bibi Hayat akaacha kuchambua. "Unapolala?"

"Ndipo penye mlango. Mie mtu wa misheni, bibi, udongo wako wa kuoshea hautaisha."

"Na wewe utakula wapi?"

"Na mbuzi. Wanipokonye mie."

Bibi akacheka puani, akamtazama mwanawe. Hilal akakuna kidevu.

"Nitasimama hapohapo nje. Nikisikia vurugu, Shomari afanye kazi yake."

Shomari alipofika aliketi kwenye benchi, gobori mapajani, akawa anatafuna karanga kama aliyekuja kusubiri ngoma. Ansbert akapita mbele yake na karai la ukoko, mbwa nyuma yake, na nyuma ya mbwa, bila haya, yule yule mbuzi wa sikio.

Chumbani akaliweka karai pembeni, mbali na kitanda. Tutaona akauona mkono ukiwa bado ukingoni. Koo likaanza kuunguruma, taratibu, kama jiwe la kusagia.

Nje karanga zikanyamaza. "Ndiyo huyo?" Shomari akauliza.

"Ngoja," akasema Hilal.

Mkono wa Ansbert ulitaka kupokonya, kwa mazoea tu. Akauzuia. Akautia mfukoni, akatoa kipande cha papa mkavu, akakidondosha juu ya ukoko, kisha akaurudisha mkono wake mtupu, polepole, mpaka kifuani. Mbwa akanusa. Akamtazama kama anamwona mara ya kwanza. Muungurumo ukakatika katikati. Akainamisha kichwa, akala.

Mbuzi akalia mlangoni. Masikio ya mbwa yakasimama, kichwa kikainuka, anangoja kuvamiwa.

"Hakuna anayekuja," Ansbert akamnong'oneza. "Kula."

Akarudi kinyumenyume, hatua moja, ya pili. Akamsukuma mbuzi kwa goti, akatoka, akaufunga mlango. Kwenye benchi karanga zikaanza kutafunwa tena.