Dakika Ishirini za Kipusa

...na maji nimeyapasha mimi, nimeyapima kwa kiwiko yasimuunguze, nimetia chumvi, nimevuta kigoda na kukaa miguuni pake, na bado simu ilipolia uso wake ukachangamka kwa ajili ya mtu mwingine, "Kipusa huyo," akasema, kama vile sijui, kama vile mlio ule hakunituma mwenyewe nimwekee ili amtofautishe kitinda mimba wake na dunia nzima, mimi nikiwamo, ingawa mimi sina haja ya mlio, mimi naishi chumba cha pili, nani anampigia simu mtu wa chumba cha pili... "Haloo, mama yangu," anamwambia, haya, mtoto anaitwa mama, mimi naitwa Dada, tangu nina miaka minne naitwa Dada, jina langu liliisha kazi siku Kipusa alipozaliwa, na wala sikulalamika, ila nimekumbuka tu, kwa kuwa nimeshika mguu wa mtu ambaye hanitazami. Siku zote simu hii ikilia mama hunyanyuka, anaenda chumbani, mlango unafungwa, nabaki sebuleni na sufuria zangu, sauti inapita chini ya mlango kama maji, husikii neno, unasikia mtiririko tu, lakini leo miguu imo kwenye beseni, aende wapi, anautazama mlango, anayatazama maji, ananitazama mimi utosini, nami nakata kucha ya kidole gumba taratibu kama sijaona kitu, leo utaongelea hapahapa, mama, leo na mimi nizisikie hizo dakika ishirini zinaliwa na nini. Ishirini. Wastani. Niliupata wiki iliyopita aliponipa simu nimkuzie maandishi, orodha ya waliopiga ikafunguka yenyewe, sawa, haikufunguka yenyewe, niliigusa, simu kumi na moja za Kipusa tangu mwezi uliopita uanze, na mbele ya kila moja muda wake, nikajumlisha kichwani nikiwa nimesimama, kujumlisha ndiyo kazi inayonilisha, mia mbili na ishirini, gawa kwa kumi na moja, ishirini kamili haina hata mabaki, na mimi je, mimi ninayerudi jioni, tunakunywa chai kabla ya taarifa ya habari, namwambia ya ofisini ananiambia ya jirani, hizo ni dakika kumi na tano, leo kumi na mbili, kesho kumi na nane, sijawahi kuzipima lakini nazijua kama ninavyoijua njia ya kwenda chooni gizani... ishirini kwa kumi na tano. Wiki nzima nimetembea na namba hizo kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu, aliye mbali anapata ishirini, anayemkanda mgongo anapata kumi na tano, na akimaliza na mimi anawasha televisheni.

"Umekula?" Mama huyo. "Hapana, chai si chakula. Kula kwanza." Umekula, anamuuliza, mimi haniulizi, mimi ndiye niliyepika, mpishi haulizwi kama amekula, na siku niliyorudi kutoka kwa mume wangu na masanduku mawili, miaka saba ya kliniki na vidonge na mama mkwe kulikodolea tumbo langu macho kama anasubiri basi, siku hiyo pia hakuniuliza, alifungua mlango akasema, "Chumba chako kipo," akatandika shuka, akazima taa ya sebuleni, basi, sijui kama zilifika dakika tano, nami nikajiambia ndivyo alivyo, si mtu wa maneno, kumbe ni mtu wa maneno, maneno anayo, anamwekea mwenye kuitwa mama... lete mguu mwingine, namgusa kifundo, anauinua bila kunitazama, anasema kwenye simu, "Najua. Najua ni wiki hii. Unadhani mimi sihesabu?"

Wiki hii kuna nini. Wiki hii mimi nina mkutano, kesho asubuhi, Bosi atakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka na kusema, "Nipe wastani tu, usituchanganye," wastani wa muda wanaosubiri wagonjwa kliniki, nami nitamwambia kwa mara ya mia kwamba wagonjwa wengi wanaonwa mapema na wachache wanakaa mpaka viti vinafutwa, ukiwachanganya wote unapata saa moja na nusu, na ukitembea pale kliniki na saa yako mkononi humpati mtu hata mmoja aliyesubiri saa moja na nusu, watu wamejaa huku na wachache wako kule mwisho, pale katikati ulipoweka wastani wako hakuna kiti wala mtu, kwa hiyo wapange kwenye mstari kuanzia aliyewahi hadi aliyechelewa, mshike wa katikati, huyo ndiye mgonjwa wa kawaida, na wale vijana wa mafunzo nimewaimbia mpaka wananiigiza nikipita, "Chora kwanza, dada anasema chora kwanza," usichague namba kabla hujaona umbo, likiwa kilima, kushoto sawa na kulia, chukua wastani na mkengeuko wake, yaani namba zimetawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani, uende zako, likiwa na mkia mrefu upande mmoja, wastani utafuata mkia kama mbuzi... "Lia," anasema mama. "Lia tu, mimi sikati simu." Mkono wangu umesimama. Mama kamwambia alie, Kipusa, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, analilia nini, nguo, mshahara, mume amesahau siku ya kuzaliwa, na mimi mbona sijawahi kuambiwa lia... na mimi mbona sikuchora.

Sikuchora. Mimi. Niliona namba kumi na moja nikazirukia kama Bosi, nilitaka jibu la kuniuma nikalipata, haya zichore sasa, unazikumbuka zote, mwenye wivu hasahau namba, mbili, tatu, tatu, tatu, nne, nne, tano, tano, sita... halafu pengo, pengo jeupe refu, halafu themanini na tano, halafu mia. Dakika mia. Na mkengeuko ukiupiga hapo unatoka thelathini na nne, ishirini toa thelathini na nne, yaani simu za Kipusa zinaanzia dakika kumi na nne chini ya sifuri, zinakatika kabla hazijapigwa, kijana wa mafunzo angeniletea hesabu hiyo ningemcheka mbele ya wenzake. Ya katikati ni ya sita kwenye mstari, nayo ni dakika nne. Dakika nne. Nusu ya simu zake, zile za katikati, zimekaa kati ya tatu na sita, nazo nazijua hata kama sizisikii, umeamkaje mama, dawa umekunywa, Dada yupo, haya msalimie, nne, na mimi kumi na tano kila jioni, kilima changu cha mviringo, wastani wangu ni wa kweli kwa kuwa siku zangu zinafanana, na nimekitwaa nikakilinganisha na namba ambayo mdogo wangu hajawahi kuiishi hata siku moja, hakuna simu ya dakika ishirini, haipo, wiki nzima nimeionea wivu simu ambayo hakuna aliyeipiga... afadhali basi, nimeshinda, kumi na tano kwa nne, mbona sisikii utamu. "Hapana, hajui," anasema mama kwa sauti ya chini, na nahisi macho yake utosini pangu kama kiganja. "Sijamwambia. Si wewe mwenyewe ulinikataza?"

Hajui ndiye mimi. Kucha ya kidole kidogo imekuwa ngumu, inataka kulowekwa tena, nairudisha majini, nisiinue uso, nikiinua uso atanyamaza... themanini na tano ilikuwa lini, ilikuwa Jumanne, mama alitoka chumbani macho mekundu akasema ni vitunguu, na vitunguu nilikuwa nakata mimi jikoni, nikadhani wamekumbushana baba, nikakasirika kwamba wamemkumbuka baba bila mimi, na ile ya mia ilikuwa Jumamosi, chakula kilipoa mezani, nikala peke yangu kwa makusudi, nikifanya kelele na kijiko ili asikie. "Mtoto alikuwa mzuri," anasema mama. "Si ulimshika? Ulimshika, mama. Hilo hakuna wa kukunyang'anya." Mtoto. Maji yanatulia. "Ee, angezaliwa wiki hii. Miezi minane si mchezo, mwili unakumbuka... Na mumeo kugawa vile vinguo bila kukuuliza alikosea, nilimwambia shemeji yako amseme, lakini na yeye ana uchungu wake, hajui auweke wapi." Miezi minane. Mdogo wangu amebeba tumbo miezi minane, amelilaza, ameligeuza, amechagua vinguo, na kila wiki simu, Dada yupo, haya msalimie, na mimi nimemsalimu, nimemuuliza hali ya hewa, sauti yake ikasema ni nzuri, na jina moja tu lilifichwa jambo hilo, langu, kwa kuwa miaka saba ya kliniki, kwa kuwa tumbo langu, kwa kuwa wanadhani... "Hakutaka kukuumiza," mama atasema siku ikifika, najua hata atakavyolitamka, na mimi ningesema mngeniumiza kwa lipi, ningefurahi, na ningekuwa naongopa, ningetabasamu kwenye simu kisha ningeingia chumbani kuuma mto, ningeshona kofia ya mtoto na kuifumua, alinijua, Kipusa, alinisoma bila kalamu wala karatasi, akaninyamazia, na alipomzika, sijui walimzika wapi, sijui wa kike au wa kiume, akamzika bila dada yake.

Zile dakika mia ndizo nilizozichukua, kilio chake, nikakigawanya mara kumi na moja, nikakinyunyiza kwenye kila simu kama sukari, nikasema tazama mwenzangu anavyolambishwa kila siku. Na Bosi kesho atasema zile namba mbili zilizojitenga zitupe, zinaharibu hesabu, nami nimeshawahi kukubali, nimeshawahi kuzitupa ili mkutano uishe, sasa sijui, namba ya katikati ni ya kuniambia siku zake za kawaida, sawa, lakini zile mbili kule mwisho ni za kuinuliwa moja moja na kuulizwa, umetoka wapi wewe, nani alikuwa anapiga, wala si kuchanganya wala si kufuta, kuuliza tu, na mimi sikuuliza, nilizipiga jumla... "Yupo," anasema mama. "Yupo hapa hapa, ananikata kucha." Kisha kitu ambacho sijakisikia wiki nyingi, kicheko chembamba kinamtoka puani. "Unamwonea wivu dada yako? Kwa lipi, kwa hizi kucha zangu za kobe? ... Ee. Ee, kila jioni... Ee, tunakunywa chai." Mguu unatikisika kidogo mkononi mwangu. "Hata sijui tunaongea nini, mambo ya jirani tu." Kumi na tano. Anazitaka kumi na tano zangu, huko aliko, na nne zake mkononi na nyumba isiyo na vinguo, amekaa anachora kilima changu anakitamani, jirani, taarifa ya habari, beseni, na mimi nilikuwa nataka mia zake, hata sasa, aibu gani hii, mguu wa mama upo mkononi mwangu na bado kuna kapembe kananiambia wewe hukuambiwa lia, na kapembe hako hakafi leo, nakajua, kameishi na mimi tangu nina miaka minne, lakini kamekaa kimya kidogo, kanasikiliza. "Hakuchukii," anasema mama. "Dada yako hana moyo huo." Anao, mama. Anao, na umo humu ndani, na sasa hivi unapiga mpaka naona maji yanacheza kwenye beseni, au ni mguu wako.

Kucha zimekwisha. Kumi zote, fupi, za mviringo, hakuna cha kukata wala cha kuchonga, maji yamepoa, nikitoa beseni na kufuta miguu mama atadhani namharakisha, atasema haya mama tutaongea kesho, na kesho itakuwa dakika nne. Natafuta cha kufanya na mikono. Nakausha mguu wa kulia kidole kwa kidole, nauweka juu ya goti, naushika mkasi, naufungua na kuufunga pembeni ya ukucha ambao nimeshaukata, unalia ki, hewa tupu, ki, mama anaushusha uso wake, anavitazama vidole vyake, ananitazama mimi, safari hii nami nimeinua macho na hayajakauka na sina vitunguu, tunatazamana, kwenye simu sauti ya mdogo wangu ndogo kama ya mdudu ndani ya kopo inauliza kitu, inauliza tena.

"Bado," mama anamjibu, huku akinitazama. "Hajamaliza kucha. Wewe sema tu." Anaihamishia simu sikio la pili, nami naurudisha mguu ule majini, ulowe tena.