Sentensi ya Saba

Mama Dobi alikuwa anamenya viazi siku aliyosomewa habari za mwanawe kwenye kitabu cha shule.

Aliyemsomea hakujua anachokisoma. Ni mjukuu wake wa kidato cha pili, ameketi kwenye kizingiti cha jikoni na kitabu kipya cha mazoezi ya Kiingereza mapajani, anasoma kwa sauti ya juu, maana huyo bila kusikilizwa na mtu hasomi kabisa. Alikuwa anasoma sentensi, anajaza pengo, kisha anamtafsiria bibi yake ili ajihakikishie ameelewa. Kitabu kizima kilikuwa cha kitenzi kimoja tu. Mama Dobi, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye maandishi ya madumu ya sabuni pale hospitali anakofua, alikijua kitenzi hicho kuliko alivyowajua baadhi ya mawifi zake, kwa sababu aliishi nacho nyumba moja miaka ishirini na miwili.

Mumewe ndiye aliyekileta. Mwalimu alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na katika kazi yake yote hakuna kilichomshughulisha kama take. Kikiwa peke yake, alikuwa akisema, ni kuchukua tu, hata mtoto anaelewa. Lakini kipe neno la kuandamana nalo uone vituko vyake. Kikiwa na off, mtu anavua viatu na ndege inapaa. Kikiwa na after, mtoto anafanana na mzazi wake. Kikiwa na over, mtu anashika cheo cha mwenzake. Kunywa dawa, kupiga picha, kufanya mtihani, kupumzika, kote huko kimo. Wanafunzi wakambandika jina la Teki, likamganda hadi kwenye kadi za mwaliko wa harusi.

Kila alipookota mwandamano mpya aliuandika kwenye kadi, na chini yake sentensi ya mfano. Kadi zenyewe alizikata Mama Dobi kutoka kwenye makatoni ya sabuni, jioni baada ya kazi, huku mkasi ukimchubua kidole gumba. Zilifika elfu tatu na ushei, kwenye maboksi manne yaliyokaa uvunguni mwa kitanda chao. Kila jioni Mwalimu alimwuliza mkewe leo kumetokea nini kazini, naye alimweleza, na Mwalimu aliandika. Mama Dobi alidhani mumewe anaandika mambo ya Kiingereza tu.

Siku hiyo ya viazi, sentensi za kwanza za kitabu zilimchekesha. Kulikuwa na mama aliyepoteza saa nzima akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, na Mama Dobi akasema huyo ni shangazi mtupu. Kulikuwa na mke aliyefanana na mama yake mzazi, akikasirika anaosha vyombo vilivyo safi. Hapo akasimamisha kisu kidogo, akamwambia mjukuu airudie, akacheka kwa kujilazimisha.

"Namba saba," mjukuu akasema. "Pengo hapa ni take away, wakati uliopita. Walimchukua mtoto kabla mama yake hajamwona uso." Akaandika jibu, akahamia namba nane.

Mama Dobi hakusikia namba nane. Miaka thelathini na moja nyuma alijifungua mtoto wa kiume alfajiri, akapandwa na homa iliyomtoa fahamu, na alipozinduka alikuta kitanda kidogo cha pembeni kimetandikwa shuka safi, limevutwa kila kona. Wanawake waliomzunguka wakamwambia asiulize, atazaa mwingine. Hakuzaa mwingine. Binti yake mkubwa, mama wa huyu mjukuu, hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na mdogo wake. Maneno yale Mama Dobi aliyatamka mara moja tu maishani, kwa mtu mmoja tu, na aliyatamka vilevile, neno kwa neno.

Aliinua macho. Chumba cha pili, kupitia mlango uliokuwa wazi, Mwalimu alikuwa ameketi karibu na redio yake, na redio ilikuwa imepunguzwa sauti. Hakuna aliyemwambia aipunguze. Alikuwa amesikia.

Hasira ilimpanda Mama Dobi mpaka masikio yakawaka. Akamtuma mjukuu dukani akanunue chumvi ambayo ilikuwepo, akanawa mikono, akakichukua kitabu akaenda nacho chumbani. Nyuma ya jalada kulikuwa na picha ya mtu anayemjua. Wenzake shuleni walimwita Nadhifu, kwa vile alikuwa anapiga pasi hadi soksi. Alikuwa mwalimu mdogo wa idara, na miaka sita iliyopita alikuja hapo nyumbani na maneno matamu kuliko asali, akaazima maboksi yote manne ili azichape kadi kwenye kompyuta zisije zikaliwa na mende. Alikaa nayo miezi minane. Aliyarudisha yamefungwa kamba mpya, na Mwalimu akamshukuru kwa ile kamba.

"Nadhifu kaniibia," Mwalimu akasema. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini jina lililokuwa kwenye jalada aliliona.

"Nadhifu kaiba kadi," Mama Dobi akasema. "Mimi nauliza nani aliandika kwenye kadi."

Mwalimu hakujibu. Alisugua magoti yake, akatazama redio kana kwamba itamsaidia. Ukimya huo watu wengi waliuita busara, na mkewe naye alikuwa akiuita hivyo mbele ya wageni. Jioni ile aliuona ni woga mtupu. Alipiga magoti, akavuta boksi la kwanza kutoka uvunguni, akapekua kadi asizoweza kuzisoma mpaka akakumbuka kwamba hawezi kuzisoma, na jambo hilo likamkasirisha kuliko yote. Shule nzima inajaza pengo la mwanawe, watoto wa watu wanapewa alama kwa kujibu vizuri, na yeye mwenyewe hajui hata kadi iko wapi.

Siku mbili hakumsemesha. Alimpakulia chakula akakitua mezani kama anayegonga mhuri. Kazini aligombana na mashine ya kukamulia, akagombana na fundi aliyekuja kuitengeneza, na adhuhuri ya siku ya pili akaunguza shuka la wodi ya wazazi, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata leso. Alilitazama lile doa la kahawia lenye umbo la pasi. Akajua kwamba akiendelea kukaa kimya ataunguza hospitali nzima.

Siku ya tatu asubuhi alimwekea mumewe shati juu ya kitanda. Akamwambia avae, abebe boksi moja, wanakwenda kwa waliochapa. Mwalimu akaanza kusema labda wangeandika barua kwanza. Mama Dobi akamwambia barua ziandikwe na wanaojua kuandika ya kwao.

Ofisi ya mchapishaji ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nao. Mhariri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Aliwasikiliza bila kuwakatisha, kisha akampigia Nadhifu simu, naye akafika baada ya nusu saa, shati limenyooka, akawapa wazee mikono yote miwili, shikamoo mzee wangu, shikamoo mama yangu. Alisema kulikuwa na ukurasa wa shukrani ambao kwa bahati mbaya ulidondoka kiwandani. Alisema pia kwamba kitenzi hakina mwenyewe, Waingereza wenyewe hawajamdai mtu.

Mhariri hakubishana naye. Alifungua boksi, akaanza kulinganisha kadi na kitabu, moja baada ya nyingine, anasogeza kidole huku anasogeza kidole kule. Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa mdogo na wa kulala, wino umefifia kwenye zile za zamani, na sentensi zilikuwa zilezile mpaka kwenye nukta. Alipofika kadi ya kumi na tano alikuwa hamtazami tena Nadhifu.

Akasema toleo la pili linaingia mitamboni Jumatatu. Jina la Mwalimu litakaa mbele, peke yake, na jina la bwana huyu litaondoka. Akatoa karatasi ya makubaliano, akaigeuza upande wa Mwalimu, akamwonyesha pa kutia saini.

Mwalimu alishika kalamu na macho yakamlowa. Miaka ishirini na miwili ya kuchekwa, ya kuitwa Teki na watoto wasio na adabu na wazazi wao, na sasa jina lake lingekaa juu ya jalada. Mama Dobi aliiona furaha hiyo. Siku nyingine yoyote angeilipia kwa damu yake, maana alimpenda mtu huyu na alikata makatoni hayo kwa mikono yake. Siku hiyo ilimchoma kifuani, kwa sababu aliona kwamba mumewe amesahau kilichowaleta.

"Na namba saba?" akauliza.

Mhariri hakuelewa. Mama Dobi akamtajia ukurasa, aliokuwa ameuhesabu kwa kidole usiku mzima usingizi ulipomkimbia. Kabla mhariri hajaisoma, Nadhifu akadakia kwa bidii ya mtu aliyepata upenyo. Akasema hiyo ndiyo sentensi ambayo walimu wote wanaisifu, wanafunzi wakiisoma mara moja hawaisahau tena, itakuwa hasara kuigusa. Kisha akamgeukia kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

"Mama yangu, ule ni mfano tu. Hakuna mtoto pale."

Mama Dobi alisimama. Hakupandisha sauti, na waliomjua kazini wangemwambia Nadhifu kwamba hapo ndipo pa kukimbia.

"Alikuwepo," akasema. "Alizaliwa alfajiri, akaondoka kabla ya chai ya saa nne. Huyo mfano wako nimembeba miezi tisa. Umeiba mpaka mtoto, na hata hukusoma unachokiiba."

Fundi wa matairi aliyekuwa akigonga rimu huko chini alisikika kana kwamba yumo humo ndani. Nadhifu alirekebisha vifungo vya mikono ya shati, akasema hakujua, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alikuwa anasema kweli. Mhariri alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amelaza kalamu juu ya karatasi ambayo haikuwa na saini.

"Ifute," akamwambia mhariri. "Usipoifuta, jina langu libaki hapo lilipokuwa."

Mhariri alichomoa penseli kwenye nywele, akakata sentensi ya saba mara mbili, akaandika tarehe pembeni. Akaitafuta kadi yake humo boksini bila kuambiwa, akampa Mama Dobi mkononi. Mwalimu akatia saini. Hakukuwa tena na furaha usoni mwake ya kumchoma mtu.

Walishuka ngazi, Mama Dobi mbele, mumewe nyuma na boksi lake. Alipofika kwenye kona, pale ngazi zinapogeuka, alisimama ghafla mpaka boksi likamgonga mgongoni. Alidhani atakuwa amepoa. Wapi. Kwa Nadhifu alikuwa amekwisha kulipuka na kumaliza, lakini hasira yake ilikuwa nzima bado, haijapungua hata punje, na sasa ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea.

"Sikuwa na mahali pengine pa kumweka," Mwalimu akasema kabla hajaulizwa. Alisema akitazama ngazi. "Waliniambia nisikutajie, utaugua tena. Nikakaa na habari ile. Nikaona nikiiandika kwa lugha ya watu haitakuwa inaniuma hivyo."

"Mahali palikuwepo," Mama Dobi akasema. "Nilikuwepo mimi."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Mama Dobi alitazama kadi iliyokuwa mkononi mwake, mistari miwili ya mwandiko wa kulala, haisemi naye neno. Alikumbuka shuka lile lililovutwa kila kona. Mtu alilitandika, na mtu alimbeba mtoto akatoka naye kwa mlango ule, na katika miaka thelathini na moja hakuwahi kujiruhusu kuuliza ni nani.

"Nani alimchukua?"

"Mimi na kaka yangu, kwenda kumzika. Mimi ndiye niliyembeba."

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

Alitaka kumpiga kwa mkoba. Kweli kabisa, mkono uliinuka, na kama si wateja wa matairi waliokuwa wakipanda angempiga na asingejuta. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi na mtu aliyeuona uso wa mtoto wake, amelala naye kitanda kimoja, amemfulia, amemkatia kadi elfu tatu za vituko vya Kiingereza, kumbe mtu huyo uso ule ameukalia. Aliwapisha wateja wale wapite. Kisha akakaa kitako palepale kwenye ngazi, kwenye vumbi la matairi, na gauni lake la kutokea.

"Nitakukasirikia mpaka nichoke, na sijui nitachoka lini," akamwambia. "Lakini kaa kwanza. Niambie alivyokuwa. Usiniletee mifano."

Mwalimu aliweka boksi chini. Akakaa ngazi moja chini ya mkewe, akavua kofia, akaanza na masikio.