Moshi wa Mzee Ravelo

Gari lilianza kumsalimia marehemu siku ya tatu tangu litoke uani.

Asubuhi hiyo Tahiry alikuwa akiteremka mlima wa Ambohitsoa, ukungu wa Julai umelala juu ya majaruba ya mpunga, nyuma amewapakia akina mama watatu wauza karoti na matenga yao. Mguu ameutoa kwenye mafuta, gari liko gia ya tatu, injini inanong'ona kama mtu aliye kanisani. Chini kabisa bondeni, pale lilipo kaburi la ukoo wake kando ya barabara, njia huanza kupanda upya. Akakanyaga mafuta. Nyuma ikasikika sauti ndogo, kama ya mzee anayesafisha koo, kisha bomba la moshi likatema wingu la buluu, zito, la kimo cha mtu mzima. Hakukuwa na upepo. Wingu likaenda polepole mpaka mbele ya mlango wa jiwe wa kaburi, likasimama pale.

"Ee, Tahiry," akasema mama mmoja bila kugeuka. "Baba yako anasalimia."

Hakuna aliyecheka. Na hao ni wanawake wanaocheka hata wakiibiwa.

Jioni, akirudi kijijini kwa mteremko wa upande wa pili, mambo yakawa yale yale: bondeni, mguu kwenye mafuta, koo likasafishwa, wingu likasimama mlangoni. Kwingine kote, barabara tambarare au mlima mkali, gari lilikwenda safi kama limetoka dukani jana. Lakini oili ilikuwa inakwisha. Kila Jumapili Tahiry alipochomoa kijiti cha kupimia alikikuta kikavu hadi karibu na ncha, akamimina lita nzima, na Jumapili iliyofuata lita ilikuwa imekwenda zake.

Alitandika maboksi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi maboksi makavu. Akafungua rejeta: maji meupe. Injini hiyo aliifumua na kuifunga mwenyewe uani kwa miezi minne, pistoni mpya, ringi mpya, kila kitu kimepimwa na kupimwa tena, mpaka mkewe akaanza kusema angetaka naye awe pistoni walau apate kuangaliwa. Sasa lita moja ya oili kila wiki, haivuji, haichanganyiki na maji, na moshi hauonekani ila mbele ya kaburi. Mtu anaanza kutazama kioo cha nyuma kwa jicho la pembeni.

Habari ikamfikia shangazi Bakoly, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ngazi ya nyumba, akapewa uji.

"Ravelo alikufa injini iko mezani," akasema. "Mikono yake ina grisi mpaka tulipomwosha. Wewe ukaifunga bila kumwomba ruhusa. Sasa anakunywa."

"Shangazi, marehemu hanywi oili."

"Na ile rumu tuliyommwagia kaburini alikuwa anakunywa nani? Mimi?" Akaweka bakuli chini. "Sikiliza, mwanangu. Jumamosi ya wiki ijayo tunamtoa kaburini kama desturi yetu, tunamvisha sanda mpya. Wewe ndiye utakayetupeleka sisi wazee. Akisalimia tena mbele ya ukoo mzima, basi gari ni lake. Tutalisukuma ubavuni mwa kaburi, likae hapo mpaka liote nyasi."

"Wanangu watakula nini?"

"Watakula baraka."

Uamuzi wa shangazi Bakoly haukuwa na rufaa. Tahiry hakuwa na shamba la kutosha wala ufundi mwingine. Alikuwa na teksi moja, kuukuu, ya rangi ya maziwa, na siku kumi.

Akaenda mjini kwa Mbola. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza vipuri vilivyotumika, kibanda chake kimejaa matumbo ya magari waliyoyasahau hata walioyatengeneza. Alikuwa amemfahamu mzee Ravelo miaka ishirini, na katika miaka hiyo hawakukubaliana hata siku moja.

"Inakula oili," Tahiry akamwambia.

"Karibu kwenye ukoo. Yangu inakula hata mume wangu."

Akamsimulia yote, mpaka kaburi. Mbola akaacha utani, akafuta mikono. Akachomoa plagi nne, akazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa kavu, rangi ya biskuti. Ile ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa, inang'aa kama jicho. Akapima mgandamizo wa silinda zote: nzuri. Akatia oili kidogo ndani ya ile ya tatu, akapima tena: namba haikusogea.

"Ringi zako salama," akasema. "Zingekuwa mbovu, oili ingeziba na namba ingepanda. Na ungefuka moshi ukipanda mlima, siyo ukimaliza kushuka. Twende nikamwone mzee."

Walifika juu ya Ambohitsoa ukungu haujaondoka. Mbola alikaa kiti cha nyuma, amegeuka, magoti juu ya kiti, anachungulia kioo kama mtoto mtukutu. "Shuka kama unavyoshuka."

Akashuka. Bondeni akakanyaga. Koo likasafishwa.

"Mama yangu," Mbola akanong'ona. Wingu lilikuwa limesimama mlangoni, na lilikuwa na mabega. Akalionyesha kwa kidole alichokikunja, kwa sababu kaburi halinyooshewi kidole, hata na muuza vipuri. Wakalitazama mpaka likayeyuka, na halikuwa na haraka.

"Rudi juu," Mbola akasema hatimaye. "Sasa shuka huku umekanyaga mafuta kidogo. Shikilia kwa breki. Mguu usitoke kabisa."

Akashuka hivyo, breki zinalia. Bondeni akaongeza mafuta. Nyuma hapakuwa na kitu, ila ukungu na jiwe.

"Baba yako anaogopa mguu wako?"

"Hakuwahi kuogopa kitu changu."

"Basi nipeleke kwenye mteremko mwingine."

Wakaenda upande wa mashariki, kwenye mteremko mrefu unaoishia kiwanda cha matofali, mahali ambapo hakuna kaburi wala msalaba. Tahiry akatoa mguu kwenye mafuta, gari likajiteremkia. Chini akakanyaga, na wingu likatoka, lile lile, buluu, na mabega yake. Likaenda kusimama mbele ya rundo la matofali.

"Na hapa amezikwa nani?" Mbola akauliza.

Tahiry alitaka kucheka ikatoka pumzi tu. Kitu cha ajabu ni kwamba hakufurahi. Wiki tatu alikuwa akiogopa baba yake yuko bondeni. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, aliona kwamba hayupo.

Mbola akamweleza huku wakirudi. Ukitoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, injini inavuta pumzi na mlango umefungwa. Kwa hiyo inanyonya popote penye upenyo. Vali ina shina, na shina linapanda na kushuka ndani ya bomba dogo la shaba. Bomba likiwa pana, injini inanyonya oili kupitia hapo njia nzima ya kushuka. Ukikanyaga, inaichoma yote kwa mkupuo. "Kwa hiyo niambie, dereva. Silinda ya tatu uliweka bomba gani?"

Tahiry akasimamisha gari kando ya barabara.

"La baba," akasema.

Mzee Ravelo alilikereza lile bomba kwenye mashine yake wiki ya mwisho ya uhai wake, anakohoa, amekataa kulala. Lilikuwa kitu cha mwisho kutoka mikononi mwake. Na katika ukoo wao kitu cha namna hiyo hakitupwi mpaka mwenyewe avishwe sanda ya kwanza mpya. Hilo lilikuwa jambo moja. Jambo la pili ni kwamba Tahiry alipima kila kipande cha injini ile isipokuwa hicho. Utapimaje kazi ya fundi aliyekufundisha kupima? Alilichukua kwenye kitambaa, akalipiga mahali pake, akafunga.

Siku mbili baadaye walikifungua kichwa cha injini uani. Mbola akalishika shina la vali ya tatu kwa vidole viwili, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Akamnyooshea Tahiry kipimo.

"Pima wewe. Mimi nilikuwa mshindani wake."

Akapima. Bomba lilikuwa pana kwa unene wa nywele tatu, na siyo pana sawasawa: ndani mlikuwa na mawimbi, mahali ambapo chuma cha kukatia kilitetemeka. Tahiry akapitisha kidole humo. Kwa kidole alihisi mkono mzima wa baba yake, unatetemeka, unajificha usionekane.

Mbola alitoa bomba jipya mfukoni; lile la zamani Tahiry akalirudisha kwenye kitambaa.

Jumamosi wazee walijipanga ndani ya teksi, shangazi Bakoly mbele, sanda ya hariri mapajani. Walipoanza kushuka Ambohitsoa alifumba macho. Bondeni watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri, na ngoma zikanyamaza zenyewe gari lilipoonekana. Shingo zote ziligeukia bomba la moshi. Tahiry akakanyaga mafuta.

Kimya. Hewa safi ya baridi, na mlango wa jiwe.

Shangazi akafumbua macho. Badala ya kufurahi, akamshika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. "Amenyamaza. Tahiry, umemfanya nini mdogo wangu?"

Hapo Tahiry akasimamisha gari, akaelewa kwamba hawezi kuliokoa kwa ukimya wa bomba peke yake. Lazima apatikane mtu wa kubeba lawama ya ule moshi, na asiwe baba. Wote walikuwa wamesogea madirishani, wanasubiri. Mlangoni wanaume walishaanza kulisukuma jiwe.

"Nilikosea mimi, shangazi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Kuna bomba la vali nililikata vibaya, likawa pana. Oili ilikuwa inapita hapo. Nimelibadilisha."

"Wewe? Mwana wa Ravelo?"

"Mimi."

Shangazi akamtazama, kisha akateremka, akaligeukia kundi, sauti ndefu ikafunguka: "Jamani! Mwezi mzima mnamwogopa ndugu yangu, kumbe ni huyu hajui kukata bomba!"

Kicheko kikalipuka bonde zima. Binamu mmoja akamgeukia Mbola, aliyekuwa amesimama pembeni na sahani ya wali na nyama ya nguruwe. "Mama wa vipuri, ni kweli amekata yeye?"

Mbola alimtupia Tahiry jicho. Akameza.

"Yeye. Mkono kama wa mtu anayekata sabuni."

Ngoma zikarudi. Wakamtoa mzee Ravelo, wakamvisha hariri mpya, wakamweka mabegani, wakaanza kulizunguka kaburi kwa kucheza. Kila aliyempita Tahiry alimtupia neno kuhusu mabomba, na Tahiry alicheka kuliko wote. Zamu yake ya kubeba ilipofika, begani mwake baba alikuwa mwepesi kuliko kichwa cha injini, na alitetemeka kidogo kila walipopiga hatua.