Vidole Vitano Kwenye Kioo Cheusi

Habari ya vioo vyeusi niulize mimi, usimuulize mtu mwingine katika Kisii hii. Mwaka ule wa tisini na sita, gari likipita mjini na vioo vimekolea giza bila hata kikunjo kimoja, watu walijua ni mkono wa Ishmael Nyasani. Hata mke wangu aliniita Fundi. Nilifanyia kazi uani nyuma ya duka la Haresh, muuza spea, hapo karibu na soko la Daraja Mbili, na kazi hiyohiyo niliyojivunia ilitaka kumuua mjukuu wangu Mokeira. Nalisema mapema, usije ukadhani nimekuja kukuchekesha.

Kulikuwa kumetoka amri. Magari yote yenye vioo vyeusi yatolewe tinti, ile karatasi ya giza, kabla ya mwezi kwisha, isipokuwa yale yenye tinti iliyoidhinishwa, yenye stika yake. Na nani alikuwa akiuza hiyo iliyoidhinishwa? Kampuni moja tu, ya Nairobi. Tena walikuwa wamemwandikia Haresh barua, wanataka awe wakala wao hapa mjini. Niliposikia hivyo niliwaka moto.

Ilikuwa siku ya soko. Persis, mke wa mwanangu, anauza mitumba, na siku za soko aliniachia mtoto. Mokeira alikuwa na miaka mitatu na miguu isiyotulia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza Peugeot nyeupe ya mfanyabiashara mmoja wa ndizi wa Nyamache, vioo vyote mpaka cha mbele, na haki ya Mungu, gari lilikuwa limependeza! Karatasi ya tinti hubandikwa upande wa ndani wa kioo kwa maji ya sabuni, kisha unayakamua maji kwa kipande cha mpira, polepole, mpaka ilale. Lakini bado ni mbichi. Siku tatu haiguswi, kioo hakiteremshwi. Ukiigusa tu inateleza na kujikunja, kazi imeharibika. Kwa hiyo mimi nikimaliza gari nalisukuma juani likauke, nafunga milango yote, na ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba. Hapo hata mwenye gari haligusi.

Nilikuwa nakusanya wembe na chupa zangu, mlango wa nyuma bado uko wazi, Haresh akatoka dukani na barua yake mkononi.

"Fundi, punguza hasira usikie," akasema. "Majambazi wanatumia haya magari. Polisi akisimamisha gari, haoni nani ameshika bunduki. Hii amri ni ya usalama."

"Usalama wa nani? Jambazi akibandikiwa stika anakuwa mchungaji?"

"Ya kampuni imepimwa."

"Imepimwa na nani? Si kampuni yenyewe! Haresh, tumekaa uani hapa miaka tisa, usinifanye mtoto. Giza ni giza. Kama langu linaficha mwizi, lao linaficha nani? Malaika?"

Akacheka. Kucheka kwake kukanichoma zaidi. Nikamwambia hiyo amri iliandikwa na watu wa kuuza karatasi, na anayeiamini ni mjinga, na ili maneno yangu yamwingie vizuri nikaubamiza ule mlango wa nyuma kwa nguvu, nikaufunga, ufunguo nikauvaa shingoni. Sikutazama ndani. Nilikuwa nimemkodolea Haresh macho.

Tulibishana mpaka wateja wakaja kutuamua. Nilipogeuka, boksi ambalo Mokeira hukalia lilikuwa tupu.

Mwanzoni sikushtuka. Nikamwita. Nikachungulia nyuma ya magurudumu, chini ya meza, dukani kwa Jayshree, mke wa Haresh, ambaye alikuwa na mazoea ya kumpa biskuti. Hakuna. Nikaenda kwenye kinu cha kusaga mahindi kilichopakana na ua, kinanguruma hata huwezi kusikia unachosema mwenyewe, nikamuuliza mwenye kinu kwa mikono. Akatikisa kichwa.

Persis alifika akikimbia, ameacha mitumba chini. "Omwana one! Mtoto wangu!" analia. Soko zima likainuka. Wanawake wa ndizi, wauza mboga, watu nisiowajua, kila mtu anaita Mokeira, wengine wakashuka mpaka mtoni. Askari mmoja akaja, akazunguka ua wote. Aliinama kwenye kioo cha Peugeot, akaona kofia yake mwenyewe, akaendelea na safari. Mama mmoja alisimama palepale akakifunga kitambaa chake kichwani vizuri, kioo kikimsaidia, kisha akaendelea kuita.

"Tata, baba, kwenye gari umeangalia?" Persis akaniuliza.

"Gari nimefunga mwenyewe!" nikamfokea. "Ufunguo huu hapa shingoni!"

Ndivyo nilivyosema. Jua lilikuwa limepanda sawasawa, na gari nilikuwa nimelisukuma mimi mwenyewe penye jua kali kuliko pote. Mpaka leo naisikia sauti yangu ile.

Nilirudi uani baada ya kama saa nzima, sina tena pa kutafuta. Nikasimama, nikatazama tu. Na jicho la fundi ni jicho la ajabu, halijui msiba. Niliona kikunjo kwenye kioo cha nyuma cha upande wa kushoto. Kidogo, chini pembeni. Unajua jambo la kwanza lililonijia? Hasira. Nani amegusa kazi yangu? Mtoto amepotea, na mimi nauma meno kwa sababu ya karatasi!

Nikasogea. Kikunjo kikasogea.

Sikuelewa nilichokiona. Karatasi ilikuwa inateleza yenyewe, taratibu, kutoka ndani. Kikunjo kikawa viwili, vikawa vitatu, vinne, vitano, vimetanuka kutoka mahali pamoja, vidogo, kila kimoja na ncha yake. Niliwahi kusoma katika Biblia habari ya kiganja kilichoandika ukutani watu wakitazama, na nikawa nikijiuliza wale watu walijisikiaje. Siku ile nilijua. Nilitamani kuvua kofia.

"Ee Nyasae," nikasema. "Mungu wangu. Yumo ndani."

Kamba sikuivua. Sikukumbuka. Niliinama na ufunguo nikiwa nimefungwa nao shingoni, paji la uso limegandamana na kioo, tundu la ufunguo linanikwepa. Na upande wa pili wa kioo, palepale karibu na jicho langu, kile kiganja kikatulia. Kikaanza kuteremka.

Mlango ukafunguka. Joto lililotoka lilinipiga usoni mithili ya tanuri la mkate. Mokeira aliniangukia kifuani, amelowa jasho, midomo imepasuka, macho nusu yamefumba. Alikuwa amepanda garini nyuma ya mgongo wangu nikibishana, akalala kwenye kiti, na alipoamka akilia, kinu kilikula sauti yake yote.

Jayshree ndiye aliyejua la kufanya. Alininyang'anya mtoto, akamlaza kivulini, akamfunika shuka aliyoichovya kwenye ndoo, akawa anamlowesha shingo na kwapa na kumpepea kwa kile alichokipata, nayo ilikuwa barua ya kampuni. Mwenye kinu alikuja kuona kulikoni, akarudi akakizima. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile kwenye soko. Watu zaidi ya mia walijaa uani. Wanaume walivua kofia. Kila aliyekuwa amepita kando ya lile gari alikuwa anakitazama kioo, vidole vitano vile, na kuitazama mikono yake mwenyewe.

Kisha Mokeira akafumbua macho. "Sokoro," akaniita, babu, kwa sauti ya paka mdogo. Akataka maji.

Persis alinishika mikono yote miwili akaibana. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawashikani hata mkono wa salamu. Hiyo ndiyo heshima. Hakuna aliyenong'ona. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, mtu mzima na mvi zangu, na sikuona aibu. Nilimwambia, "Mwanangu, ni mimi niliyemfungia." Akasema anajua. Hakuniachilia mikono.

Jioni hiyo nilimrudishia mzee wa Nyamache Peugeot yake ikiwa na vioo vyeupe, nikamweleza kisa chote. Haresh hakuniambia "nilikuambia." Angesema, ningekubali. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba ile amri, hata kama waliiandika watu wenye tamaa, ilikuwa na haki ndani yake.

Wiki iliyofuata mtu wa kampuni akaja kutoka Nairobi, tai shingoni, na fundi wake. Habari za mtoto alikuwa amezisikia, na zilimfurahisha, mshenzi yule. "Mnaona wazee?" akawaambia watu waliokusanyika. "Ndiyo maana serikali inataka tinti salama tu." Fundi wake akabandika karatasi yao kwenye vioo vyote vya gari la Haresh mwenyewe. Alibandika vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Wakaweka stika pembeni, ya rangi ya dhahabu.

Mtu yule akafungua mkoba atoe mkataba. Haresh hakuwapo. Tukadhani ameingia dukani kutafuta kalamu. Yule bwana akaendelea kutuhubiria usalama, akipaza sauti kuushinda mngurumo wa kinu, mimi nimekunja mikono kando ya gari, nakitazama kioo cha mlango wa nyuma kwa wivu wa kazi, natafuta kikunjo nisikione. Persis alikuwa amesimama kando yangu na Mokeira mgongoni. Jayshree akaita mumewe dukani, hakujibiwa. Akaita mara ya pili, sasa kwa hofu, na watu wakaanza kugeuka huku na huku.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Haresh akatoka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, uso umempauka. Alichukua mkataba kutoka mkononi mwa yule bwana, akamrudishia mkobani mwake taratibu, bila ugomvi.

"Nimewapungia mikono," akasema. "Nimegonga kioo. Fundi, wewe umenitazama machoni, hapa na hapa." Akaupima umbali kwa kiganja chake. "Mimi niliwaona nyote. Hakuna hata mmoja aliyeniona."