Bi Zulema Alipofumba Macho

Kosa lilikuwa la Ezequiel. Nalisema mapema, maana ana vishimo mashavuni, na watu wakimwona anacheka humsamehe kabla hajaomba. Ni mjukuu wa Bi Zulema Barrionuevo, mwenye jiko la alfajor la mtaa wetu hapa Catamarca. Alirudi kutoka Córdoba na shahada ya kuchora kwa kompyuta, pamoja na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Mimi ni Nidia. Napaka maziwa mazito ya sukari kati ya biskuti na biskuti, ndiyo alfajor yenyewe, nafunga maboksi, na nawajibu wateja wanaolalamika kwamba alfajor zao zimefika zimevunjika, kana kwamba mimi ndiye niliyelikalia boksi njiani.

Kila mwezi jiko lilikuwa likituma barua pepe kwa wateja, elfu nne na kitu. Ezequiel alipenda kutuonyesha ripoti yake: nani kafungua, nani kabonyeza, nani kafuta bila kutazama. Bi Zulema hakujali mambo hayo. Alikuwa na swali moja tu. Kila mara alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akasimama nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akauliza, "Delfina je?" Ezequiel akamjibu, "Bado, bibi." Basi alirudi jikoni, na siku hiyo ilikuwa heri usimkaribie.

Delfina ni mdogo wake, karani katika ofisi ya wakili huko Rosario. Mama yao alifariki mwezi wa Januari, joto likiunguza na umeme umekatika mtaa mzima, na Bi Zulema akaamua mama azikwe jioni ile ile. Delfina alikuwa ndani ya basi. Alifika asubuhi ya pili na nguo yake nyeusi, akakuta udongo umeshasawazishwa. Hakupiga kelele. Alimwambia dada yake, "Umeshindwa kunisubiri usiku mmoja," akarudi stendi bila hata kuingia nyumbani. Tangu siku hiyo ni miaka kumi na mmoja. Alibadilisha namba, na Bi Zulema akipiga ofisini, akitaja jina lake tu, simu inakatwa. Kilichobaki ni anwani ya barua pepe ya ofisi ile, na Bi Zulema akaiingiza katika orodha ya wateja. Nilimwambia ndugu wa mtu si mteja. Akanijibu nipake maziwa yangu.

Mwaka jana jiko lilitimiza miaka hamsini, na Ezequiel akaja na wazo lake kubwa: barua ya sherehe iwe na picha inayocheza. Si video, alitueleza kama anayefundisha chekechea. Ni picha kadhaa zinazofuatana haraka haraka na kurudi mwanzo. Mtu akifungua barua tu, zinaanza zenyewe. Wateja wangemwona bibi akionja alfajor yake. Mimi nilidhani Bi Zulema atamfukuza kwa mwiko, kwa sababu ni mtu asiyetaka kupigwa picha hata harusini. Akasema atakubali, ila atafanya anavyotaka yeye.

Alivaa blauzi yake nyeupe, akaegemea kiti cha uani chini ya mchungwa uliochanua. Akauma alfajor, akafumba macho na kukunja mikono kifuani kama mtu anayekumbuka jambo zuri. Kisha akayafumbua, akatazama kamera, akalivuta sikio lake mara mbili, akacheka. Ezequiel akauliza sikio linahusiana nini na biashara. Bibi yake akamwambia aliache kama lilivyo.

Mimi nilijua, nilishasimuliwa. Walipokuwa wadogo, wakigombana, mama yao hakuwapa chakula mpaka mmoja avute sikio lake mwenyewe, maana yake, mimi ndiye mkosaji. Bi Zulema hakulivuta hata siku moja. Kila mara alikuwa ni Delfina, kwa sababu ya njaa. Kwa hiyo watu elfu nne wangemwona bibi mchangamfu anayependa vitamu, na mtu mmoja angemwona dada yake akimwomba radhi. Nilikwenda chooni kulia, sioni haya kusema.

Ezequiel akaipamba kazi yake. Picha ya kwanza aliweka ile ya macho yaliyofumbwa na mikono kifuani, akaizungushia maua meupe ya mchungwa, na chini yake akaandika "Zulema, 1974–2024", yaani jina la jiko na umri wake. Maneno ya kushukuru wateja kwa miaka hamsini ya alfajor yalitokea kwenye picha ya mwisho. Nje ya picha hakuandika chochote. Alisema maandishi mengi yanaua uzuri. Akaituma Jumanne asubuhi, akajimiminia chai ya yerba, akaketi kusubiri sifa.

Simu ya kwanza ilitoka Andalgalá. Mwanamke alikuwa akilia na kuuliza maziko ni saa ngapi. Nikamwambia amekosea namba. Ya pili ilikuwa ya mwenye duka wa La Rioja, aliyetaka kujua kama aliteseka sana. Nikamuuliza nani, akasema, marehemu. Papo hapo gari la muuza maua likasimama nje na kushusha shada kubwa jeupe lenye utepe wa zambarau: Pumzika kwa amani, Zulema, kutoka kwa waokaji wenzako. Bi Zulema alivaa miwani, akausoma utepe mpaka mwisho, akauliza, "Kwani nimekufa lini?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Akaamuru shada litundikwe mlangoni, kwa kuwa maua ni maua, na simu zilizofuata akazipokea mwenyewe. "Ndiyo, marehemu anaongea, nikuwekee boksi ngapi?" Aliuza sana siku ile.

Ezequiel peke yake hakucheka. Alikwenda stoo kwenye kompyuta ya zamani, akaifungua barua humo, akatuita. Picha ilikuwa imeganda. Bibi yake kafumba macho, mikono kifuani, maua pembeni, mwaka na mwaka, na mwenye machozi hahesabu miaka. Ilikuwa kadi ya msiba kamili, kama zile tunazoweka ndani ya vitabu vya sala. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna programu za zamani zisizoweza kuchezesha picha hizi. Zinaonyesha ile ya kwanza, basi, zinaishia hapo. Alifundishwa chuoni. Alisahau.

Bi Zulema hakuwa anasikiliza mambo ya programu. Aliuliza swali lake. Ezequiel akafungua ripoti.

"Amefungua, bibi. Amefungua mara saba."

Bi Zulema alijiziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yakamtoka, akaanza kusema asante Bikira, asante Bikira. Mimi na Ezequiel tukatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, na kama kawaida mzigo ukawa wangu. Nikauliza ofisi ya wakili ya Rosario inatumia kompyuta za namna gani.

Kicheko kiliisha mle ndani. Nilichukua simu, nikapiga Rosario bila kutaja jina la Bi Zulema, nikamwomba Bi Delfina. Msichana aliyepokea akasema kwa upole kwamba hayupo, ameondoka tangu asubuhi, amefiwa na dada yake. Namba yake ya mkononi wamejaribu wenyewe, imezimwa.

Ezequiel alituma barua nyingine kwa wateja wote kwamba Bi Zulema yu hai na mzima. Kisha akachukua funguo za gari. Basi la kutoka Rosario hupita Córdoba, akasema, nikitoka sasa hivi namkuta stendi, namweleza taratibu. Lilikuwa jambo la kwanza la akili alilosema mwezi mzima. Bi Zulema akamwambia aweke funguo mezani.

"Mwacheni aje," alisema. "Akifika tutamweleza."

Nilimwambia hilo halifai, mtu hasafirishwi usiku mzima na msiba wa uongo.

"Nidia, miaka kumi na mmoja," akanijibu, na hakutaka tuendelee.

Asubuhi mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekumbuka kulishusha shada. Delfina alisimama mbele yake kidogo, akausoma utepe, akaingia. Nguo nyeusi, mkoba mdogo, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alitembea kama mtu anayeogopa kuchelewa. Hakunisalimu.

"Mmeshamzika?" aliniuliza.

Bi Zulema ndiye aliyetokea, unga mpaka viwikoni, akalitaja jina la mdogo wake. Delfina alishika meza. Alimtazama muda mrefu, kisha akamgusa shavu kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima pasi kama imepoa. Akakaa kwenye gunia la sukari, akalia kwa furaha, akilirudia jina la dada yake. Bi Zulema alipiga magoti kwenye unga akamkumbatia, na mimi nikajiambia, haya, hata ujinga wa Ezequiel una kazi yake duniani.

Ndipo Delfina alipouliza imekuwaje. Ezequiel alieleza mbio mbio na kumpa simu yake, picha ikicheza ndani. Delfina aliifuata mpaka kwenye sikio. Ikarudi mwanzo, akaifuata tena. Mikono ya dada yake ilikuwa bado mabegani mwake; akaiondoa mmoja mmoja, bila hasira.

"Hii mmewatumia watu wangapi?"

"Elfu nne na kitu, bibi," alisema Ezequiel.

"Umeniomba radhi kwa tangazo la biskuti, dada. Mimi na wenye maduka wa La Rioja, wote pamoja."

"Simu zangu ulikuwa unazikata. Ningefanya nini?"

"Ungekuja. Ni basi moja tu. Mimi nimelipanda mara mbili."

Kwa kweli hata mimi, niliyemsikia akilalamika miaka yote hiyo, sikuwahi kufikiri kwamba angeweza kukata tiketi. Bi Zulema alibaki magotini. Kisha akasema jambo ambalo hakulazimika kulisema: kwamba tangu jana walijua Delfina yuko njiani, kwamba Ezequiel alitaka kumwahi Córdoba, na kwamba yeye ndiye aliyemzuia. Alitaka aje, kwa namna yoyote.

Delfina alitikisa kichwa polepole. Alisimama, akakung'uta sukari nyuma ya sketi.

"Usiku ndani ya basi nilikuwa nakusamehe," alisema. "Nilimaliza kabla hatujafika Córdoba. Nilisema maskini dada yangu, yamekwisha, kulikuwa na joto, alikuwa peke yake, alichanganyikiwa. Nilimsamehe maiti, Zulema. Wewe mzima bado siwezi."

Hakutaka chai, hakutaka kuketi. Nilimbebea mkoba mpaka stendi kwa sababu Bi Zulema hakuweza kuinuka na Ezequiel alikuwa analia kama mtoto. Njiani nilimwambia Delfina kwamba wote wawili wana vichwa vya nyumbu, na kwamba mama yao angewanyima chakula mpaka leo. Hakuchukia. Alisema ni kweli.

Tulisubiri basi kwenye benchi. Akaniuliza kama dada yake anaumwa. Nikasema haumwi, ana presha kidogo tu.

"Amekonda," alisema. "Anakula?"

Nikasema anakula akiamua. Basi lilipokuja, alinitajia namba ya simu, akasimama pale mpaka nikaiingiza yote.

"Hiyo si ya kumpa yeye," alisema. "Ni ya siku ya msiba wa kweli. Usiniandikie barua, usinitumie picha yoyote. Nipigie wewe kwa mdomo wako. Nitakuja."

Nilirudi nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Bi Zulema alikuwa amelishusha shada na kukaa mbele ya unga uliokauka. Aliniuliza Delfina amesema nini, na mimi si mtu wa kutunza siri za namna ile, hazikai tumboni mwangu. Nilimwambia yote, la kukonda, la kula, la namba na ni ya siku gani. Nilidhani itamvunja. Akakwangua unga kwenye vidole.

"Namba unayo?"

"Ninayo."

"Usinipe," alisema. "Lakini siku hiyo mniweke. Joto liwe vipi, umeme ukatike usikatike, watu waseme watakavyo. Mniweke mpaka aingie mlangoni."

Nikamwambia tutakuweka, Bi Zulema.