Wembe Uliolika

Mume wangu ana nyembe za kukunja za vinyozi wa zamani, sitini na kitu, na hajawahi kunyolea hata mmoja. Ndevu zake huzinyoa kwa kile kiwembe cha plastiki kinachouzwa kwa pakiti karibu na peremende. Nyembe zenyewe zimelazwa juu ya kitambaa chekundu ndani ya kabati la kioo sebuleni, na kila mgeni hupewa somo lake kabla hajapewa chai. Jumamosi huzunguka maduka ya vitu vya kale pamoja na wenzake, wanaume wazima wenye kazi na familia, ambao huinua chuma kwenye mwanga, huguna, na kuita kutu "haiba". Wenzake humwita Mzee wa Makali. Hakuna aliyewahi kumwuliza makali yapi.

Baba yangu alikuwa kinyozi, na alikuwa na wembe mmoja. Alikuja kukaa kwetu baada ya upasuaji wa macho, na kila asubuhi alijinyoa mbele ya kioo asichokiona vizuri, kwa mazoea ya mkono. Wembe ule ulikuwa umenolewa miaka mingi mpaka ubapa wake ukabaki nusu ya ulivyozaliwa. Mpini ulikuwa wa pembe ya nyati, na pini yake ya shaba ilikuwa imelegea kidogo.

Asubuhi moja haukuwepo kwenye rafu ya bafuni. Baba alipapasa rafu, sinki, sakafu, mifuko ya koti. Siku zilizofuata akaanza kuutafuta mahali pasipo na maana: ndani ya friji, ndani ya viatu vya watoto. Ndevu nyeupe zikamwota. Siku moja mezani aliweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, nadhani akili inaniaga. Mtu atasahauje mkono wake mwenyewe?"

"Ndiyo uzee, baba," mume wangu alisema huku akipaka mkate siagi. "Usijisumbue."

Jioni yake baba aliniita chumbani. Alitaka nimpeleke makao ya wazee Jumatatu. "Leo nimesahau wembe, kesho nitasahau jiko. Sitaki kuwachomea wajukuu nyumba." Nguo zake alikuwa ameshazikunja.

Kazi yangu ni kupima vyuma katika maabara ya kiwanda. Mtu akiniambia kitu kimepotea, mimi huanza kwa kutazama kilichoongezeka. Katika kabati la sebuleni kulikuwa na wembe mpya, mpini mweupe.

"Huu umeupata wapi?"

"Nilibahatika. Pembe ya ndovu hiyo."

"Kwa bei gani?"

"Tulibadilishana tu."

"Na nini?"

Alitazama dari, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa huko.

"Mke wangu, ule wembe ulikuwa umekwisha. Nilikwenda kuukazia pini, nia yangu njema kabisa, mwenye duka akaniambia hapa hamna kitu. Umelika. Hakuna mkusanyaji angeuweka kabatini."

"Haukuwa wa kabatini."

"Nilikusudia kumtafutia mwingine, mzuri zaidi."

"Na pale mezani ulipomwambia ni uzee?"

"Sasa ningesema nini, wakati watu wanakunywa chai?"

Nimeolewa na mtu huyu kwa hiari yangu. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi tulitoka pamoja. Alidai hakumbuki lilikuwa duka gani. Mtu anayekumbuka mwaka na fundi wa kila wembe alionao. Njiani alinifundisha adabu za mawindo. "Usioneshe unachokitaka. Ukiuona, shika kitu kingine, uliza habari za hicho kingine. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza."

Duka la kwanza lilijaa taa za shaba na saa zisizotembea. Mume wangu alitoa wembe wake mweupe kwenye mfuko wa shati, ambako huubeba ndani ya kitambaa laini kama mtu abebaye kifaranga, akamwonesha mwenye duka. Wakaguna pamoja. Wembe wa baba haukuwepo. Duka la pili lilikuwa la mama mmoja aliyeuza vikombe vya kunyolea vilivyopasuka, akisema nyufa zinaongeza thamani. Hapo pia kifaranga alitolewa. Nilielewa kwamba mume wangu alikuwa anasubiri nichoke. Alikuwa hajanisoma katika miaka yote hiyo. Basi ningemlaumuje kwa kutosoma chuma?

"Twende dukani kwenyewe," nikasema.

Tukaenda. Mwenye duka la tatu huitwa Makumbusho, kwa sababu humwambia kila anayelalamikia bei kwamba mbona makumbusho watu hulipa na hutoka mikono mitupu. Alitupokea kwa kelele. "Mzee wa Makali! Leo umemleta shemeji! Karibu, shemeji, usiogope, hapa hatuuzi, tunahifadhi."

Nyembe zake zilipangwa chini ya taa, zinang'aa kama vijiko vya hospitali. Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na mota yenye gurudumu la kitambaa, ndiyo siri ya mng'ao wote ule. Niliinama nikazitazama. Nyingi zilikuwa na kivuli cha samawati karibu na makali. Chuma cha pua kikisuguliwa mpaka kikapata joto la kugeuka rangi hiyo, ugumu wake umekwenda, na kung'aa hakuurudishi. Zile zilikuwa maiti zilizopakwa mafuta. Bwana mmoja mwenye suti alikuwa amesimama hapo na lenzi jichoni, akiukagua mmoja wenye mpini mweupe kwa heshima ya daktari.

Wembe wa baba ulikuwa ndani ya kopo chini ya meza, pamoja na skrubu na vifuniko vya birika. Haukuwa umeguswa. Makumbusho aliudharau mno hata asiupeleke kwenye gurudumu, na dharau hiyo ndiyo iliyouokoa. Nilichukua kifuniko kimoja cha birika.

"Hiki cha zamani?" niliuliza.

"Ndio huo!" mume wangu alipiga kelele nyuma yangu. "Wembe wa baba mkwe! Huo hapo kwenye kopo!"

Makumbusho aliutoa taratibu. Uso wake ulibadilika ukawa wa msibani. "Aaa, huu. Huu si wa kuuza, shemeji. Huu una historia."

"Si uliniambia hapa hamna kitu?" mume wangu alisema.

"Nilikuwa sijautazama kwa moyo. Ngoja kwanza niung'arishe, muuone uso wake." Akaiwasha mota. Gurudumu likaanza kuvuma, naye akausogeza ubapa ule mwembamba, ambao ungeiva kabla hajamaliza sentensi yake.

Niling'oa waya ukutani.

"Shemeji! Mbona hivyo?"

"Unataka nini?"

"Kwa heshima ya mzee, nirudishie ule mweupe, na mwingine mmoja wa kabatini kwake. Nitachagua mwenyewe."

Mume wangu alifunika mfuko wa shati kwa mkono. "Pembe ya ndovu hii!"

"Nipe niushike kidogo," nikamwambia. Alinipa kwa shingo upande, kisha akageuka kumsimulia yule bwana wa lenzi jinsi alivyoupata, kwani hawezi kumwona mtu amesimama kimya bila kumsimulia. Niliusugua mpini kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ukapata moto. Pembe ya ndovu ukiisugua hivyo hainuki kafuri. Plastiki ya kale hunuka. Nikausogeza puani pa Makumbusho.

"Unasikia nini?"

"Shemeji, sisi ni watu wa nyumba moja..."

"Nimeiuliza pua."

Akamtupia jicho yule bwana wa lenzi. "Kafuri," alinong'ona.

"Na yule bwana wa suti, ule mweupe anaoutazama unanuka nini?"

Aliufunga wembe wa baba ndani ya gazeti haraka haraka. "Zawadi ya mzee. Kutoka moyoni. Nenda nao, nenda."

Yule bwana sikumwonya. Alikuwa na lenzi. Wala mume wangu sikumwambia. Aliutaka mweupe, na mweupe anao. Barabarani alitembea kifua mbele. "Umeona nilivyomlainisha?"

Nyumbani baba alikuwa amekaa kando ya mfuko wake wa nguo. Niliuweka wembe kiganjani mwake. Aliukunjua, akapitisha kidole juu ya mgongo, akaigusa pini. Ilikuwa bado imelegea. Kati ya wataalamu wote waliouhudumia, hakuna aliyefanya lile dogo.

"Nilikuwa nimeuweka wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya sinki, baba," mume wangu akarukia. "Ulidondoka nyuma ya sinki."

"Haukudondoka," nikasema. "Aliuchukua bila kukuuliza, akaubadilisha dukani na mwingine."

Baba aligeuza uso upande wangu. "Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

Akausukuma mfuko wa nguo kando kwa mguu. Alisimama, akapapasa mpaka kwenye ukanda wake wa ngozi wa kunolea uliotundikwa mlangoni, akaupitisha wembe juu yake, kwenda na kurudi, bila haraka.

"Mkwe, vuta kiti."

"Baba?"

"Kaa nikunyoe. Wewe ni mtu wa nyembe."

"Lakini baba, macho yako..."

"Kaa."

Mume wangu alinitazama. Nilimletea taulo.

Baba alimpaka povu, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaanza shavu la kulia. Koo la mume wangu lilipanda na kushuka kama lifti. Hakukatwa popote. Wembe ule usiofaa kabatini uliacha ngozi laini kuanzia sikioni hadi shingoni. Kisha baba akaufuta, akaukunja, akautia mfukoni.

"Baba, bado upande huu."

"Huo kanyoe kwa zako. Kabati zima limejaa."

Mume wangu alikwenda akasimama mbele ya kioo cha kabati, povu likimkaukia shavuni, akichagua.