Vigelegele vya Ntumba

Ntumba alimgeuza mumewe ubavu, akampangusa mate kwa ncha ya kitenge. Beya, dereva wa garimoshi la mgodi, alianguka mlangoni pake siku vijana walipokuja kuwaambia Wakasai kama yeye wahame, warudi jimbo la mababu zao. Alikuwa akibishana nao, mara mdomo ukapinda, akaenda chini mzima mzima. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni. Tangu hapo hakusema neno, na nje ya dirisha la hospitali nyimbo zilikuwa zikikaribia: "Bilulu barudi kwabo!" Wadudu, ndivyo walivyoitwa sasa. Na waimbaji ni majirani wale wale waliokula bukari, ugali wa mahindi, nyumbani kwake!

Asubuhi Dokta Kalumba alikuwa amemtoa Beya damu. Ntumba alipomwona anarudi kutoka maabara, alisimama.

"Mama, damu ya tata iko muzuri," daktari alisema, akimtaja Beya kwa heshima kama baba. "Mutu akipasuka mushipa mu bongo, tunaangalia sukari na chembe nyeupe mu damu. Bikipanda sana, ni kilio. Yake haikupanda. Atapona. Lakini asitikisike hata kidogo. Alale hapa."

Jamani, nani angejizuia? Kwao, habari njema isiyopigiwa vigelegele ni kama imeibwa. Ntumba aliinua kichwa akavipiga, vikapasua korido nzima hadi ofisini kwa mkurugenzi. Mdomo uliponza kichwa.

Mkurugenzi, tata Kabemba, alikuja taratibu, mikono nyuma.

"Ni nani anafurahi hapa?"

"Ni mi, tata. Bwana yangu atapona. Damu yake imesema."

"Ah! Basi muzuri." Alimtazama Beya kitandani. "Ule wa kufa, tungemuacha akufe hapa. Ule wa kupona anaweza kupanda treni ya kubarudisha kwabo, pamoja na benzake. Kitanda ni cha bana ba inchi, benyeji."

"Kwetu ni wapi, tata? Beya amezaliwa hapa Kolwezi! Baba yake, bazungu ndio balimuleta kuchimba!"

"Basi bazungu bamurudishe."

"Mkurugenzi, akitikiswa, damu itamwangika tena mu bongo," Kalumba alisema.

"Na wewe, dokta, damu yako ni ya wapi?"

Mama yake Kalumba alikuwa Mkasai, wote walijua. Daktari akatazama viatu vyake. Ntumba alimchukia, akamhurumia, akamchukia tena.

Walimpeleka Beya kwa pusupusu, mkokoteni wa sokoni, kwenye njia ya mashimo, kichwa kikigonga mbao. Stesheni watu walilala juu ya magodoro na masufuria yao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Vijana walizunguka na fimbo, wakitafuta wa kumalizia hasira. Mhudumu aliyewasindikiza aliivuta shuka ya hospitali mwilini mwa Beya, akaikunja, akaondoka nayo. Pamba ya kipimo cha damu ilibaki imebandikwa mkononi.

Mvua ilianza. Ntumba alimfunika mumewe kwa kitenge, akamshika kiganja. Kiganja kikamfinya. Kidogo tu, lakini kilimfinya, na jicho moja likafunguka, likamtafuta.

Vigelegele vilimpanda kooni. Kijana mmoja mwenye fimbo akageuka kuwatazama, akaanza kuja.

Ntumba alivimeza. Akavuta kitenge, akamfunika Beya uso mzima, akajitupa juu yake na kupiga yowe la msiba:

"Beya weee! Umeniachia nani, Beya weee!"

Kijana alisimama. Akavua kofia, akapita.

Chini ya kitenge, kiganja kiliendelea kumfinya.